Somo Severina

Mkunya, Jumapili, tarehe 5 Desemba 1954

Kwako Bibiana, mwanangu,

Nimelikuta daftari lako chini kabisa ya kapu la unga, limefungwa kwa kitambaa. Kurasa kumi na moja za mwanzo ni hesabu zako za darasa la nne, na kila ulipokosa umechora ua juu ya kosa. Zilizobaki ni nyeupe. Mimi nilifika darasa la tatu tu, na mwandiko wangu unaujua, unapanda mlima. Lakini ni vibaya karatasi nzuri ikae bure. Tena nikirudi kanisani sina wa kumsimulia. Zamani nilikusimulia wewe, hata kama ulikuwa umekaa ubavuni mwangu ukasikia yote.

Leo mvua ya kwanza imepiga wakati wa ibada. Unavyojua bati letu, Mwalimu Dastani aliendelea kufungua mdomo na kufunga lakini hapana aliyemsikia. Sote tulisikiliza tangi likijaa. Nilitazama nyuso za akina mama, nikaona kila mmoja anapunguza kichwani safari za kushuka bondeni kuteka maji.

Shule imepata mwalimu mpya kutoka Masasi, jina lake Cuthbert. Amekuja na mke wake, Severina, mwembamba, hana mtoto bado. Aliingia amechelewa, akatazama upande wa wanawake, akatandika mkeka wake kwenye nguzo ya tatu. Pale pako. Tangu Agosti tulikuwa tunapaacha wazi bila kuambiana. Paulina, rafiki yako, alinitazama, kisha akainama.

Angejuaje.

Jumatano, tarehe 8 Desemba

Nimepanda mahindi na kunde. Mgongo.

Jumapili, tarehe 12 Desemba

Baada ya ibada yule Severina alimwuliza Mwalimu Dastani ni akina nani hawakuja.

"Wengi," akasema Dastani.

"Kwa majina."

Dastani akakuna kichwa. Wakamsaidia akina mama: Bibi Magdalena mwenye mguu, mke wa fundi, na wale wawili wa njia ya Chilangala. Kisha mmoja akasema, kwa sauti ya chini kama anasema jambo la aibu, kwamba zamani palikuwa na msichana aliyewapelekea maji ya tangi wasiofika, mwenye kibuyu. Akaonyesha ukutani. Kibuyu chako kiko pale pale kwenye msumari wake tangu ulipougua.

Severina akakitungua. Akakipiga vumbi, akakijaza, akajitwika.

Mimi ndiye niliyekishona ule ufa kwa ukindu na nta, mwaka ulipokiangusha kwenye ngazi. Niliutazama mshono wangu ukienda zake njiani juu ya kichwa cha mtu mwingine.

Alipopita mbele yangu akapiga goti. "Shikamoo, Mama Pipiana."

Ni Mmakua yule, na Kimakua kimemshika ulimi. B humtoka P, D humtoka T, na G humtoka K. Sitaandika kila neno anavyolitamka, nitakosa karatasi. Lakini hilo nimeliandika, maana tangu tulipokuzika hapana mtu hapa aliyeniita Mama Bibiana. Wananiita "mama" tu, au "mama yetu". Wanaogopa kunikumbusha, kana kwamba nimesahau. Na wa kwanza kunirudishia jina langu analirudisha limeharibika.

"Marahaba," nikasema.

Jumapili, tarehe 19 Desemba

Watoto wameanza kubisha milango kwa "Hoti, hoti." Nimewakemea, halafu nikacheka peke yangu nyuma ya nyumba, na sikujuta.

Jumanne, tarehe 21 Desemba

Mwanasha, jirani yetu, kaja kuomba moto. Yeye humjua kila mtu anayepita njia hii.

"Kanisa lenu limepata miguu," kasema. "Yule mke wa mwalimu kafika hata kwangu. Nikamwambia, mwanangu, mimi Mwislamu, ibada yenu sikuikosa, sikuwamo. Akasema anajua, lakini amepita na maji yamepaki."

"Yamepaki?"

"Yamepaki. Nikafikiri amepaka kitu. Kumbe yamebaki."

"Ukayapokea?"

"Maji nitayakataa mimi? Ningekuwa na wazimu. Tena kasema maneno mazuri. Alikaa kwenye kinu changu akauliza jina la mume wangu, marehemu. Miaka minane hajaniuliza mtu."

Baadaye nikakumbuka: wewe ulikuwa unapita kwa Mwanasha kila Jumapili. Ulimwuliza jina la mumewe? Bila shaka ulimwuliza. Mwanasha amesahau tu.

Jumamosi, tarehe 25 Desemba

Noeli. Severina ndiye aliyeanzisha nyimbo. Sauti yake ni nzuri kuliko yako. Nimeandika hivyo kwa kuwa ni kweli, na sasa siwezi kula.

Jumapili, tarehe 2 Januari 1955

Mwalimu Dastani bado anaibania chaki kama chumvi. Nukta na mkato anaviona ni hasara. Leo kaandika ubaoni: *Kesho kutazama wagonjwa majembe na mafagio akina mama mapema.* Mke wa fundi akauliza wagonjwa watatazamwa kwa majembe au watazikwa kabisa. Ilikuwa kazi mbili, wagonjwa na usafi wa uwanja. Hata Dastani alicheka, lakini nukta hakuongeza.

Ungecheka mpaka ukashika nguzo.

Jumatatu, tarehe 10 Januari

Paulina amejifungua. Mtoto wa kike.

Nilipoletewa habari nilikuwa napalilia. Nikatupa jembe, nikaenda na matope yangu. Unajua nilichokuwa nakifuata. Agosti ile, siku ya tatu ya homa yako, Paulina alikaa kwenye miguu ya kitanda, tumbo lake halijaonekana bado, akakuambia, "Nikipata wa kike ni wewe." Na wewe ukasema, "Asiwe na meno kama yangu." Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli. Ninyi mlidhani sikusikia.

Miezi hii yote nimeliweka neno hilo kama kaa la moto chini ya jivu. Siku moja jina lako litaitwa kwa sauti kubwa kanisani, na watu watazoea kulisema tena. Litaitwa uani mtoto akichelewa. Litakemewa. Ndicho ninachotaka, sitaki kingine.

Nilipofika, Severina alikuwa jikoni mwa Paulina anakoroga uji. Mwiko mkononi, kanga kiunoni, kama mtu wa nyumba ile. Alikuwa amefika kabla yangu.

Mtoto ni mdogo, ana nywele nyingi. Paulina alisema, "Mama, yale ya Agosti sijayasahau." Nikamshika mkono. Nilitaka aseme jina, hakulisema, kwa sababu Severina aliingia na uji.

Jumatano, tarehe 19 Januari

Mvua siku tatu. Ukuta wa jikoni umeanza kujikunja.

Jumapili, tarehe 23 Januari

Leo niliamua kumtangulia. Ibada ilipokwisha sikusubiri salamu, nilikata njia ya mihogo mpaka kwa Bibi Magdalena, na chupa yangu ya maji.

Alikuwa kwenye baraza, ndonya yake ya mdomo wa juu inang'aa, mguu ameunyoosha juu ya gogo. Alinitazama muda mrefu.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, bibi. Anastasia. Mama yake Bibiana."

"Aa. Yule wa kibuyu." Akafurahi. "Basi ndiyo leo nakuona. Yeye alikuwa anakuja, na huyu mpya anakuja. Wewe hujaja."

"Nimekuja mara nyingi, bibi."

"Hujaja," akasema, bila ubaya, kama anayemwambia mtu kwamba kanga yake imechanika nyuma.

Nilirudi polepole. Nilikuwa nataka kumkasirikia, lakini njiani niliona kwamba anasema kweli. Nilikuwa najua mguu wake ulianza lini, najua mbuzi wake walioibwa, najua namna anavyosema "aa". Yote nilipewa na wewe, Jumapili mchana, mimi nikipika kisamvu na wewe umekaa mlangoni ukijikuna mbu. Miaka minne nilidhani tunakwenda pamoja. Nilikuwa nakwenda kwa masikio.

Sasa huyo mwingine ndiye mwenye habari hizo, na hanisimulii mimi. Anamsimulia Cuthbert wake, nafikiri.

Jumapili, tarehe 30 Januari

Nimefanya jambo la kitoto. Nilifika kanisani kabla ya mtu yeyote, nikakitungua kibuyu chako, nikakifunika kwa kanga, nikakileta nyumbani. Kisha nikarudi nikakaa kama kawaida na kuimba.

Baada ya ibada Severina aliutafuta ukuta mzima. Aliuliza watu wote. Mwisho akaniuliza mimi.

"Mama Pipiana, umekiona kipuyu?"

"Sijakiona."

Ndani ya kanisa, mwanangu, na midomo yangu imetoka kwenye sala.

Akaenda kwake, akaleta sufuria. Sufuria haina mfuniko wala haikai kichwani. Nilimwona anavuka uwanja, mvua inampiga, maji yanaruka kila hatua, na anaendelea tu, kwa sababu siku ile Bibi Magdalena hakuja.

Jumatatu, tarehe 31 Januari

Kibuyu nimekitundika juu ya kitanda. Kina harufu ya mafuta yake ya nywele kwenye shingo. Harufu yako haipo tena.

Jumatano, tarehe 9 Februari

Leo nitaandika mpaka mwanga uniishie.

Ilikuwa siku ya mkutano wa akina mama. Nilikwenda mapema na mzigo wa kuni. Mvua ilikuwa imekatika. Ndani hapakuwa na mtu isipokuwa Mwalimu Dastani anayepangusa mikono, na ubao umekwisha kuandikwa:

*Mtoto wa Paulina ubatizo tarehe 20 Padre anakuja somo Severina wote waje na kuni.*

Nilisoma mara mbili. Nilisoma kwa kidole, kama nilivyofundishwa.

Nikupe mfano, ingawa unajua. Marehemu mama yangu alikuwa na somo wake kule Mnyambe, mwanamke aliyebeba jina lake. Hawakuwa ndugu, lakini mama akipata chumvi alimega nusu, nusu ni ya somo. Yule alipofiwa, mama alinyoa nywele. Mtu akikupa jina lake, uhai wako wote una nyumba ya pili. Nilikuwa nimekwisha kumtengenezea mtoto wa Paulina nyumba ya pili, hapa, kwako. Nimemkatia nguo mbili kwenye gauni lako la maua, lile la kipaimara.

Na hapa ubaoni kwa chaki: somo Severina. Mtoto ameitwa Severina.

Nikamwuliza Dastani, "Hii ndiyo imekwisha kukatwa?"

"Imekwisha, mama. Wenyewe wamekubaliana juzi. Yeye alikuwa anaogopa kukubali, sisi tukamsukuma."

"Mmemsukuma."

"Tumemsukuma. Ana akili yule, lakini ana haya."

Alikuwa anatabasamu. Nikaweka kuni zangu chini. Kwenye mlango nilikutana na Paulina anaingia, mtoto mgongoni. Akasema, "Mama, usiondoke, leo kuna neno lako." Nikampita. Akaniita tena. Unajua mimi si mtu wa kumpita mtoto wa mtu anaponiita, lakini nilimpita, na nilitembea haraka, nikasikia nyuma yangu sauti ya yule mwingine ikiuliza, "Mama Pipiana anaumwa?"

Nilichofikiria njiani si cha Kikristo. Nilifikiri: amechukua nguzo. Amechukua kibuyu, na wazee, na Mwanasha, na nyimbo. Nikamwachia vyote kwa sababu hapana hata kimoja ambacho wewe unakihitaji tena. Hiki kimoja tu nilikitaka. Na jina hakulitaka kwa nguvu, wamemsukumia! Amepewa kama mtu anavyopewa kiti.

Tena nikafikiri: Paulina yu hai, ana mtoto anayelia. Nani anayekoroga uji wake? Aliyekufa hakorogi uji.

Zile nguo mbili nimezirudisha ndani ya kapu.

Alhamisi, tarehe 10 Februari

Paulina alikuja mchana na mwavuli wa kuazima. Nililala kitandani nikanyamaza.

"Mama. Fungua. Ni neno la Jumapili ya Padre, lazima ulisikie kwangu."

Sikufungua. Nikamsikia Mwanasha ng'ambo ya ua anamwambia, "Yumo. Moshi unatoka."

"Labda amelala."

"Moshi unatoka na yeye amelala? Basi nyumba inaungua, mvunjie mlango."

Mtoto akapiga chafya. Kisha wakaenda.

Jumapili, tarehe 13 Februari

Sikwenda. Chuma cha reli, kengele yetu ya kanisa, kilipogongwa nilikuwa shambani, nikaendelea kupalilia. Mahindi yamefika kiunoni.

Jumanne, tarehe 15 Februari

Mwanasha kaniuliza kama nimeolewa na mlango. Nimemwambia ninaumwa. Kasema ugonjwa wangu anaujua, aliugua yeye mumewe alipooa mke wa pili, na dawa yake ni kumtazama yule mke mpaka umzoee. Nikamwambia si habari ya mume. Kasema, "Hata kidogo. Lakini macho ni yale yale."

Jumapili, tarehe 20 Februari

Nimesikia chuma. Mara ya kwanza, mara ya pili. Nimekaa na kibuyu mapajani. Baiskeli ya Padre imepita hapa nyuma, nimeisikia inavyolia mnyororo.

Halafu mvua. Siku zote nikiwa kanisani mvua hupiga bati sisikii sala. Leo imepiga makuti yangu nikasikia kila kitu, yaani kimya.

Jumatatu, tarehe 21 Februari

"Hoti."

Asubuhi, jua limetoka. Nilikuwa nasaga. Nilidhani ni watoto, nikasema, "Pita, pumbavu we." Akapita Severina, na ile sufuria yake ya maji, nusu imemwagika begani.

Nikasimama na unga mikononi. Sikuwa na pa kujificha. Akapiga goti, akaweka sufuria, akasema, "Shikamoo, Mama Pipiana. Hukuja Jumapili mpili. Maji haya ya tanki."

Basi ndivyo ilivyo, mwanangu. Miaka minne wewe umewapelekea watu maji hayo, na mimi sijawahi kuwa mtu wa kupelekewa. Sikujua kama yanatia aibu na kumfurahisha mtu kwa wakati mmoja. Nikamkaribisha. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Alikaa kwenye kigoda akaelekea kitanda, na juu ya kitanda kibuyu kinaning'inia.

Alikiona. Nilimwona anakiona. Akageuza macho akatazama mikono yake.

"Ni mimi niliyekichukua," nikasema. "Ulipouliza nilikudanganya."

"Ni chako," akasema.

"Si changu. Ni chake."

"Ntiyo. Ni chake."

Nikaona ni heri kutoa yote mara moja, nikamwambia, "Na mtoto umpende. Jina si kosa lake. Ukiwa somo wa mtu ni kazi ya maisha."

Akanitazama kama mtu asiyejua lugha. "Somo wa nani?"

"Wa mtoto wa Paulina. Severina mdogo."

"Severina mtoko yupi?"

Nikamwambia ubao. Nikamsomea kwa kichwa, maneno yote kama Dastani alivyoyapanga mstari mmoja. Alifumba mdomo kwa mkono. Nilidhani anacheka, lakini machozi yalimtoka.

"Mama," akasema, "somo lilikuwa la Jumatano. Somo la mkutano. Mwalimu alitaka nifuntishe akina mama. Mimi naona haya kusimama mpele ya watu, kwa ajili ya ulimi wangu, wakanisukuma."

"Somo gani?"

"Kuchemsha maji ya kunywa."

Nilikaa chini, juu ya unga.

Kisha akanieleza, polepole, huku nikimwuliza tena kila neno. Mtoto alikuwa Bibiana tangu siku aliyozaliwa. Haikubadilika hata saa moja. Na lile neno langu, ambalo Paulina alikuja nalo mlangoni na mwavuli wa kuazima, lilikuwa hili: walitaka mimi niwe mama wa ubatizo. Mimi ndiye niliyepangiwa kusimama kwenye beseni na kumjibu Padre akiuliza jina. Ningelisema mimi. Kwa mdomo huu.

"Tulikunkoja," akasema Severina. "Mwalimu alikonka chuma mara ya tatu. Patre akatazama saa. Paulina akasema tunkoje, atakuja, hawezi kukosa. Hukuja."

"Nani alisimama?"

"Paulina alisema simama wewe. Nikasimama. Patre akauliza, mtoto huyu aitwe nani. Paulina alikuwa analia, hawezi kusema. Basi nikasema mimi."

Akatazama sufuria yake. Na hapo, Bibiana, kabla hajasema, nilielewa.

"Ulisema nini?"

"Nilisema vizuri, mama. Nilijaripu vizuri sana."

"Ulisema nini, Severina?"

"Pipiana," akasema.

Na Padre mzee, ambaye sikio lake moja limekwisha, akachota maji na kusema kwa sauti inayofika mpaka barabarani: Pipiana, nakubatiza. Mwalimu Dastani alimnong'oneza upande wa sikio bovu. Baada ya ibada Padre akaandika kitabuni alivyosikia.

Sijui nilianza kulia au kucheka. Severina alidhani nalia, akanishika, akalia naye. Kisha akaona mabega yangu, akaona ni kicheko, akaogopa zaidi. Nilicheka mpaka Mwanasha akachungulia juu ya ua kuuliza nani amekufa. Tangu Agosti sijatoa sauti namna ile. Na katikati ya kicheko ilikuwa inauma, maana ningekuwapo nafasi ile ingekuwa yangu na jina lingekuwa zima. Niliitupa mwenyewe. Hapana aliyeninyang'anya.

Alipoondoka nilimpa kibuyu. Alikataa mara mbili.

Jumatano, tarehe 23 Februari

Siku ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima. Nilikwenda. Severina aliponiona akaanza kukunja mkeka wake aniachie nguzo ya tatu. Nikamwambia, "Kaa." Nikatandika wangu ubavuni mwake. Nilimbeba mtoto wakati wote wa ibada, na gauni lake la maua. Hana meno bado.

Paulina kaniomba radhi na mimi nimemwomba, na hatujui nani alitangulia.

Jumapili, tarehe 13 Machi

Tumekwenda wawili, mimi na Severina, njia ya Chilangala, kibuyu kwa zamu. Mimi siwezi kuzungumza na watu kama wewe. Nimekaa tu. Yule mama wa nyumba ya pili alisema kukaa kwangu kumemfaa.

Wivu haujaisha. Wakimkumbatia yeye kwanza, nahesabu.

Jumapili, tarehe 27 Machi

Kwa Bibi Magdalena. "Aa," akasema. "Leo umekuja."

Jumapili, tarehe 10 Aprili

Pasaka. Mvua imepungua, mahindi yanakauka.

Padre alikuja na kitabu cha ubatizo. Dastani alikuwa amemwandikia barua, nadhani bila nukta, na Padre akataka kujua kama jina la mtoto lisahihishwe. Kalamu anayo mkononi. Paulina akasema, "Mama ndiye atakayesema."

Nilikuwa nimelifikiri jambo hili mwezi mzima. Tangu ubatizo ule, kijiji chote kinasema jina lako. Kila mtu anayemwita mtoto hulazimika kumweleza mwenziwe. "Pipiana? Unasema Bibiana?" "Hapana, Bibiana ni yule wa kibuyu, marehemu. Huyu Pipiana." Wanalisema kisimani, wanalisema kwenye tangi. Mke wa fundi kanisimulia ulivyomwazima sindano. Mwanasha amekumbuka kwamba wewe ndiye uliyemwuliza kwanza jina la mumewe. Wangekuwa na Bibiana mpya, wa zamani angefunikwa taratibu, kwa mapenzi mema. Na kuna hili jingine ambalo sikumwambia Padre: nimefurahi kwamba jina lako hajapewa mtu. Naona huo ndio wivu wangu wa mwisho, na nimeuweka.

"Liache, Padre," nikasema. "Ndilo jina lake."

Akainamisha lile sikio zima. "Na wewe ni nani wake?"

Nilifungua mdomo, lakini sikupata kusema. Kanisa zima lilijibu, upande wa wanaume na upande wa wanawake, na Mwalimu Dastani, na Severina kwa ulimi wake nyuma ya wote:

"Ni Mama Bibiana."

Ukurasa huu ndio wa mwisho wa daftari lako. Kibuyu kimepata ufa wa pili, nitaushona kesho. Kwa Bibi Magdalena nafika kila Jumapili sasa, nawe ukipata nafasi huko uliko, mwanangu, nikumbuke mama yako.